Raleigh ya Bibi: Kutoka Chumbageni Hadi Pangani

Simulizi hii ya kuifuata baiskeli moja kuukuu ya Raleigh nimeiandika nikiwa nyumbani Dar es Salaam, kwa msaada wa daftari la mfukoni na picha za simu, ambazo nyingi ni za nati, gololi na spoki kuliko za bahari. Atakayetafuta habari za hoteli za ufukweni hatazipata hapa.

Alhamisi: Dar es Salaam hadi Tanga

Nauli ilikuwa shilingi 20,000. Basi lililopaswa kuondoka Mbezi saa moja asubuhi liliondoka saa mbili kasoro, kwa sababu abiria mmoja alifika na magunia ambayo utingo hakukubali kuyapakia bure, na mwenye magunia naye hakukubali kuyalipia. Kuanzia Chalinze hadi daraja la Wami na Mkata nililala. Niliamka Segera, mahali ambapo waendao Moshi na Arusha hushika kushoto na sisi wa Tanga tukashika kulia, na tulipofika Muheza vijana walikuwa tayari wamenyanyua machungwa hadi usawa wa madirisha. Tulishuka stendi ya Kange alasiri, nikachukua bajaji kwa shilingi 4,000 hadi Chumbageni, nikapata chumba safi cha shilingi 25,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Nilichokifuata Tanga ni baiskeli moja tu. Nilisoma sekondari katika mji huu, na kila asubuhi, tukiwa njiani kwenda shule, alitupita muuguzi wa hospitali ya Bombo akiwa juu ya Raleigh nyeusi ya kike, ile ambayo fremu yake imepindwa chini mbele ili mwenye gauni au buibui apande bila kurusha mguu. Ilikuwa na ringi za inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na cheni iliyofunikwa yote ndani ya kasha la bati. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiulizia kama inauzwa, na jibu lilikuwa lile lile. Mwezi wa Juni mjukuu wake alinitumia ujumbe wa maneno mawili: Bibi amekubali.

Ijumaa: Chumbageni

Nilimkuta Bibi amekaa barazani, baiskeli imeegemezwa ukutani kando yake, magurudumu yote mawili yakiwa hayana upepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na pesa au umekuja tena na maneno?"

Hakutaka tuzungumze bei kabla sijaipanda. Mjukuu wake akaazima pampu kwa jirani, akajaza upepo, nami nikaenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, huku ringi ya nyuma ikicheza kushoto na kulia na siti ikinifinya, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa imepasuka katikati na kubaki pande mbili. Bibi alitazama magoti yangu, si baiskeli, kisha akasema siti ipandishwe kidogo. Katika bei walikosana wao wenyewe: mjukuu alitaja shilingi 280,000, Bibi akamkatiza na kusema 200,000, wakajibizana mbele yangu hadi tukatua kwenye 230,000. Sharti la Bibi lilikuwa moja, kwamba siku nitakapoichoka nisiwape wanunuzi wa vyuma chakavu bali niirudishe barazani kwake.

Anayenunua baiskeli iliyokwishatumika na aandikishe mauziano katika ofisi ya serikali ya mtaa, yeye na muuzaji wakitia saini mbele ya mashahidi, na aandike humo namba ya fremu. Kwenye Raleigh ya aina hii namba hiyo imegongwa karibu na bomba la siti, na mara nyingi hufunikwa na rangi au uchafu, hivyo ni vyema kwenda na kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Karatasi hiyo iliniokolea maelezo mengi baadaye nilipokuwa napakia baiskeli kwenye basi. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, ofisi ilifungwa kwa ajili ya swala, nikangoja hadi saa nane, na katika kungoja huko nikala wali wa nazi kwa samaki wa kupaka kwa shilingi 6,000, chakula ambacho peke yake kingetosha kuwa sababu ya safari.

Jumamosi: Ngamiani

Mitaa ya Ngamiani hutajwa kwa namba, Barabara ya Nne, Barabara ya Kumi na kuendelea, na mafundi baiskeli hawakosekani humo, kwa kuwa Tanga ni mji tambarare ambao watu wake bado wanapanda baiskeli kwenda sokoni, kazini na msikitini. Nilielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Aliizunguka baiskeli bila kuigusa, akainama, akapangusa ganda la habu ya nyuma kwa kidole gumba, akanionyesha chapa: Sturmey-Archer, jina la mtengenezaji, herufi AW za aina ya habu, na tarakimu 67. Tarakimu hizo ni mwaka wa kutengenezwa kwa habu, kwa hiyo baiskeli hii ina umri mmoja na Azimio la Arusha.

"Dada, hii haitaki haraka," alisema. "Ukiwa na haraka, nenda uje Jumatatu."

Nilikaa. Alitandika gunia, akafungua kila kitu na kukipanga kwa mfuatano wa kufunguliwa kwake, kutoka kushoto kwenda kulia, akamkataza kijana wake kuvuka gunia hilo. Tulipofika kwenye ekseli ya pedeli tulikuta kikombe kimoja cha kushikia gololi kimelika, na kijana akaleta kipya cha baiskeli ya Kichina, kikaingia nusu mzunguko na kukwama. Fundi alikitoa hapo hapo. Raleigh za zama zile zilikatwa meno yao wenyewe ya hesi, 26 kwa kila inchi, wakati baiskeli nyingi nyingine za mtindo huo zina meno 24, na anayelazimisha kikombe kigeni kwa spana ndefu huharibu fremu ambayo haitengenezeki tena. Suluhisho lake lilikuwa kurudisha vikombe vya zamani baada ya kuvisugua, kutia gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, na grisi ya kutosha. Alisema vitadumu miaka kadhaa, na kwamba wakati huo niwe nimekwishatafuta kikombe cha Raleigh mjini Dar es Salaam.

Kwa upande wa ringi mambo yalikuwa mepesi. Waingereza walizoea spoki 32 mbele na 40 nyuma, na baiskeli za Phoenix, Hero na Avon zikarithi hesabu hiyo hiyo pamoja na ukubwa wa inchi 28, kwa hiyo ringi mpya ya nyuma yenye matundu 40 ilipatikana duka la tatu kutoka pale kwa shilingi 18,000, tairi mbili kwa 30,000 na tyubu mbili kwa 10,000. Nilipenda kumtazama akinyoosha gurudumu. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akashika kipande cha chaki karibu na ukingo wa ringi, akalizungusha polepole. Palipotoka nje, chaki iliacha alama nyeupe, naye akakaza spoki za upande wa pili robo mzunguko, akafuta alama kwa mate na kuanza tena. Alama zilizidi kuwa fupi hadi ringi ikapita nzima bila kugusa chaki, na hilo lilichukua karibu saa nzima.

Mabishano yetu yalikuwa juu ya sura. Fundi alitaka kupuliza rangi mpya, akapendekeza nyekundu na mistari ya dhahabu, pamoja na siti ya sponji na vishikio vya plastiki vyenye nyuzi za kuning'inia. Mimi nilikuwa nimekwishaamua zamani: kinachochakaa kwa kazi kibadilishwe, kinachogusa mwili wangu kitengenezwe kwa kipimo changu, na rangi iachwe. Nyeusi ya Bibi imechubuka kwenye usukani pale kikapu chake kilipokuwa kikisugua, na mistari ya dhahabu kwenye madigadi imebaki vipande vipande, lakini bati bado ni zima na kutu haijapenya. Tulipatana kwamba aisafishe kwa mafuta ya taa na kupaka nta. Ufundi wake wa siku nzima aliutoza shilingi 25,000, na nikaongeza soda.

Jambo moja kwa wenye habu za aina hii: ndani yake hutiwa mafuta mepesi kupitia kifuniko kidogo kilicho kwenye ganda. Grisi nzito ikiingia, vijino vya ndani hushindwa kuinuka na gia huanza kuruka.

Jioni tuliipeleka siti kwa fundi viatu. Fremu yake ya chuma, yenye springi mbili nyuma, ni ya Brooks, kampuni iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1866, na chuma hicho hakikuwa na kasoro yoyote isipokuwa kutu ya juu juu. Fundi viatu aliondoa ngozi iliyopasuka, akailaza juu ya kipande cha ngozi ya mgongo wa ng'ombe yenye unene wa kama milimita tano, akachora kuizunguka kwa kalamu ya wino na kukitumbukiza kipande hicho kwenye ndoo ya maji.

Jumapili: Ngamiani tena

Asubuhi ngozi ilikuwa imelainika. Aliivuta juu ya fremu ya siti kwa mikono miwili huku goti lake likikandamiza nyuma, akaifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu kutoka puani hadi mkiani, akawa anaipiga polepole kwa mgongo wa nyundo hadi ikashika umbo. Kisha akaitundika kivulini. Juani, alieleza, ngozi hukauka nje kabla ya ndani na kupasuka wiki ya kwanza. Ribiti za shaba alisema atazigonga kesho yake. Bei ya yote ilikuwa shilingi 35,000.

Siku iliyobaki niliitumia kwa mchora vibao jirani na soko la Mgandini. Nilitaka kinga tope ya nyuma iwe na maneno, kama ilivyo desturi ya baiskeli za mjini humo, na maneno yenyewe nilikuwa nayo: WAJA LEO WAONDOKA LEO. Ni msemo wa Tanga tangu zamani, na mimi nilikuwa nakuja kuchukua kitu chao na kuondoka nacho, hivyo niliona ni haki yao kunisuta kwa maandishi. Mchoraji alikata kinga tope kwenye mpira wa tairi la lori, akaniuliza kitu kimoja tu, kama herufi ziwe na kivuli au zisiwe nacho, kwa kuwa kivuli kinaongeza shilingi 2,000 juu ya 5,000. Nikachukua chenye kivuli. Alipima nafasi kwa uzi uliopakwa chaki, akaandika neno la mwisho kwanza ili asikose nafasi mwishoni, na mkono wake haukutetemeka hata bodaboda ilipompigia honi sikioni.

Jumatatu: majaribio hadi Amboni

Siti ikafungwa saa nne. Ilikuwa ngumu kama ubao, lakini mahali pake palikuwa pale magoti yangu yalipohitaji. Niliijaribu baiskeli kwa kwenda mapango ya Amboni, yapata kilomita nane kaskazini mwa mji kwa njia ya Horohoro, safari fupi yenye kipande cha vumbi mwishoni. Mhudumu wa mapango aliiweka ndani ya ofisi yake bila mimi kuomba, nikazungushwa kwenye miamba ya chokaa kwa tochi pamoja na popo wake.

Habu hii inafanya kazi hivi: gia ya kati hupeleka gurudumu sawasawa na cheni, ya kwanza hulipunguza kwa robo na ya tatu huliongeza kwa theluthi. Gia tatu ni chache, lakini kwa pwani zinatosha, na unaweza kubadilisha ukiwa umesimama, jambo ambalo baiskeli za gia za nje, zile za kuhamisha cheni, haziwezi.

Jumanne: Tanga hadi Pangani

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu, baada ya chai na mkate wa ajemi, na kabla sijautoka mji nilikuwa nimekwishakutana na kusi. Mwezi wa Julai upepo huu huvuma kutoka kusini, na Pangani iko kusini, hivyo kwa takriban kilomita 50 nilikwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, usukani wa Raleigh ukinikalisha wima na kunifanya tanga halisi. Sehemu kubwa ya barabara ina lami nzuri. Palipobaki vumbi, malori ya kokoto huinua wingu ambalo halitui haraka. Beba mtandio wa kufunika pua.

Tongoni nilipumzika chini ya mibuyu na kuingia magofuni. Kuna msikiti na makaburi yapatayo arobaini, mengine ya nguzo, na kwenye nguzo bado yanaonekana mashimo ya mviringo yaliyokuwa na bakuli za kauri. Mlinzi alivutiwa zaidi na kasha la cheni. Aliniambia mama yake alikuwa na kama hiyo, na hakuniachia hadi alipokwisha kuipiga kengele.

Baada ya Tongoni, nikiwa kwenye mwinuko mdogo, pedeli ilizunguka bure ghafla, mguu ukashuka bila uzito na mimi nikaangukia bomba la usukani kwa kifua. Sikuanguka, ila nilishuka nikitetemeka. Waya mpya wa gia hunyooka katika siku zake za kwanza, na ukilegea, kati ya gia ya pili na ya tatu pana nafasi ambayo habu haishiki chochote. Mvuvi mmoja aliyekuwa akienda Kigombe na ndoo ya samaki kwenye keria alisimama, akaishika baiskeli yangu wima bila kuuliza, nami nikaweka gia ya pili, nikachungulia kwenye tundu la nati ya kulia, na kukaza waya hadi bega la kipini cha ndani likawa usawa na ncha ya ekseli. Kazi hiyo haihitaji spana, vidole vinatosha, na anayepanda habu ya AW afundishwe hilo kabla ya kutoka mjini. Mvuvi aliniongoza hadi Kigombe, akitangulia ili kunikinga upepo, na kule akanipeleka kwa mama anayekaanga samaki, nikala changu kwa mihogo kwa shilingi 3,500.

Kutoka Kigombe mashamba ya mkonge yanakuandama. Niliingia Pangani saa kumi jioni, mikono ina ganzi.

Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia, mama wa makamo, aliitazama baiskeli akaona kile ambacho mafundi wote hawakukiona: kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma kuna matundu madogo yaliyotobolewa na fundi wa zamani, nusu duara nzima.

"Hapa palikuwa na wavu," alisema, "buibui isiingie kwenye spoki. Unao uzi, mwanangu?"

Sikuwa nao, yeye alikuwa nao. Ulikuwa uzi wa mkonge aliokuwa akisukia vikapu, na hapo mlangoni, kwa mwanga wa taa ya baraza, alianza kuupitisha kutoka tundu la kwanza hadi karibu na ekseli na kurudi, uzi mmoja mmoja, akiuvuta hadi ulie na kuufunga kwa fundo alilolilowesha kwanza mdomoni. Alipomaliza upande mmoja nikauanza wa pili, akaufumua wangu wote kimya kimya na kuurudia. Mkonge wenyewe ulianzia jirani: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, na hiyo ndiyo iliyopandwa Kikokwe, karibu na Pangani, na kuzaa mashamba yote niliyoyapita mchana. Mama alipokea shilingi 2,000 ya uzi na kukataa ya kazi.

Jumatano: Pangani hadi Tanga

Asubuhi nilishuka kivukoni kutazama baiskeli zinazovuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kila moja imebeba nazi, kuni au madumu kuliko uzito wa mwenyewe, na karibu zote zina kamba za mpira wa tyubu kwenye keria. Nikanunua mbili. Kisha kusi ikanisukuma kaskazini kwa gia ya tatu karibu njia nzima, na kabla ya saa sita nilikuwa nanunua mtindi mjini Tanga.

Nilipita kwa Bibi kumwonyesha. Aliukagua wavu kwa vidole, akasema mfumaji anajua kazi. Siti aliibonyeza akanyamaza. Kinga tope aliisoma kwa sauti, akasema hayo ni maandishi ya malori, kisha akamtuma mjukuu chini ya kitanda kuleta pampu ya asili ya baiskeli ile, ambayo siku ya mauziano hakuna aliyeitaja.

Alhamisi: kurudi Dar es Salaam

Kwa wanaopanga kurudi na baiskeli: ifike stendi ya Kange saa moja kabla ya safari, pedeli zikiwa zimefunguliwa na usukani umegeuzwa sambamba na gurudumu, na patana na utingo kabla hajaiona buti ikijaa. Mimi nilitajiwa 30,000 nikalipa 15,000. Hakikisha imelazwa upande usio na kasha la cheni, kwa sababu bati lile likibonyea hugusa cheni na kelele yake haiishi. Ya kwangu ilibonyea kidogo hata hivyo, maana mahali fulani baada ya Segera iliongezewa tenga la nyanya juu yake; nimelinyoosha kwa mpini wa nyundo na kitambaa.

Kilichobaki ni taa. Dainamo ya zamani inazunguka lakini haitoi mwanga, na balbu zake za volti 6 nimezipata Kariakoo kwa shilingi 1,500 kila moja. Fundi wa hapa ninapoishi anadhani waya umekatika ndani ya taa ya mbele, na Jumamosi tutaufungua.